Mkoba wa Mamba Uliorudi na Harufu Nyingine

Macho yangu hayalioni tena tundu la sindano, kwa hiyo nimeiacha meza ya ngozi pale Kilindoni. Nyinyi mafundi wawili mliobaki nayo mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, na hasa namna ya kujua ngozi ya kweli na ya bandia, maana watu hawaishi kuwaletea vitu na kuwauliza. Nitaandika. Lakini nawaambia mapema kwamba siku nilipoulizwa swali kubwa kuliko yote ya kazi yangu, nilikosea, kisha nikapatia, kisha sikujua tena nimefanya nini. Msome mkijua hivyo.

Nilizaliwa kisiwa cha Bwejuu, kwa watu wa kuvua. Mimi bahari ilinitapisha tangu mdogo mpaka ndevu zikanitoka, na baba yangu, aliyekuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo, akanivusha siku moja mpaka Kilindoni, mji wa kisiwa kikubwa, na kunikabidhi kwa Fundi Seif. Huyu alikuwa mtu wa asili ya Kiarabu kwa upande wa babu, mrefu, mkavu wa maneno. Alishona makubadhi, majalada ya misahafu, ala za visu na hatamu za punda. Siku ya kwanza alinifunga macho kwa kilemba, akaniwekea vipande vitatu puani, kimoja baada ya kingine, akataka niseme ni ngozi ya nini. Cha kwanza nikasema mbuzi, nikapatia. Cha pili nikasema ng'ombe, nikapatia. Cha tatu nikasema papa. Kilikuwa kiatu chake mwenyewe. Hakucheka, na hakunieleza kama nimekubaliwa kazini au la. Nilikaa wiki nzima nikifagia vipande vya ngozi bila kujua kama mimi ni mwanafunzi au mgeni aliyechelewa kuondoka.

Mtazijua zana kwa kuzishika, sitazieleza sana. Maharazi ya kutobolea yawe mawili, la ncha nyembamba na la ncha pana, na usimwazime mtu hata akiwa nduguyo. Nta uiweke mbali na jua. Uzi wa katani uupitishe kwenye nta mara tatu. Fundi Seif alisema mara saba, lakini nilipohesabu kwa siri nikaona yeye mwenyewe hupitisha mara tatu. Ngozi ya kiboko msiipokee. Mtaletewa, kwa sababu viboko wapo humu kisiwani na kila anayepata kipande huona amepata mali. Itawavunjia sindano na urafiki.

Juu ya ngozi ya kweli na ya bandia, mafunzo yake yalikuwa haya. Kwanza unanusa, kwa maana jicho hudanganywa kwa rangi. Kisha unatazama ukingo uliokatwa, kama una nyuzinyuzi za mnyama au umekaa tabaka tabaka kama karatasi. Kisha unageuza kitu na kutazama mshono kwa nyuma, mahali ambapo fundi hakutegemea kutazamwa. Na ngozi ya mamba alinifundisha kando. Aliagiza ngozi mbichi kutoka Rufiji, ng'ambo yetu, ikaja ikinuka hata majirani wakahamia upande wa pili wa barabara, akanionyesha kwamba kila gamba la tumbo lina kitundu kidogo sana karibu na ukingo, mfano wa alama ya ncha ya sindano, na kwamba hakuna magamba mawili yaliyofanana. Ngozi ya ng'ombe iliyogongwa chapa ya chuma haina vile vitundu, na ukiitazama kwa subira utaona gamba lilelile linarudi.

Nilimuuliza, "Na pua ikisema hivi, jicho likasema vile?"

"Pua," alisema. Akaendelea kushona.

Alipofariki nikairithi meza pamoja na jibu hilo. Miaka mingi halikunitia matatani.

Sasa nifike kwenye mkoba.

Mwendo wa saa moja kwa punda kutoka Kilindoni palikuwa na shamba kubwa la minazi lililosimamiwa na Mzungu. Mke wake, tuliyemwita Memsabu, alikuwa na mkoba wa mkononi wa ngozi ya mamba, kazi ya mafundi wa Paris. Ndani ulikuwa na herufi za dhahabu za nyumba iliyoushona, na nje ulikuwa na bizimu ya shaba iliyojifunga kwa mlio mdogo sana. Mimi niliwahi kuuona mara moja kwa mbali, mkononi mwake, gatini. Ulikuwa na rangi ya asali. Sikulala vizuri siku ile kwa wivu wa kazi.

Masika moja Memsabu alisafiri bara miezi miwili, akauacha mkoba kabatini. Ufunguo alimwachia Bi Mwanahawa, mwanamke wa makamo, mjane, aliyemfulia na kumpigia pasi. Alimwonya kwamba akirudi na kukuta ukungu juu ya kitu chochote cha ngozi, kazi imekwisha. Nyinyi mnajua masika yetu. Ukisahau kiatu siku nne kinaota manyoya.

Bi Mwanahawa alikuwa na kazi ya pili isiyo na mshahara, nayo ndiyo tuliyomheshimia. Alikuwa mwosha wa maiti za wanawake. Kutoka Kilindoni mpaka Kiegeani, mwanamke akifariki ataitwa yeye. Mwosha huingia chumbani na kufunga mlango, huona mwili wa mtu, huvua pete na vikuku na kuvikabidhi kwa wafiwa, na akitoka hasemi alichokiona. Mtu wa namna hiyo akiitwa mwizi mara moja tu, hata kwa uongo, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango ule tena.

Katika masika hayohayo mke wangu, Zuhura, aliugua homa, na siku ya sita akafariki. Bi Mwanahawa ndiye aliyemwosha. Siku ile siikumbuki sawasawa. Nakumbuka watu wakinishika bega na kuniambia maneno, na mimi nikiitikia. Nilikaa wiki mbili bila kufungua meza.

Nilipoifungua, aliyekuja wa kwanza hakuwa mteja, alikuwa askari wa Liwali, mkuu wa serikali kisiwani. Niliitwa barazani. Nikamkuta Liwali amekaa, Memsabu amekaa kwenye kiti pembeni, na Bi Mwanahawa amesimama, buibui lake limekazwa kifuani. Juu ya meza palikuwa na mkoba.

"Shikamoo, Bwana Liwali."

"Marahaba, Fundi Mbaruku. Pole na msiba. Nisingekuita siku hizi kama ningekuwa na mwingine wa kumuuliza."

Akanieleza. Memsabu amerudi, amefungua kabati, na anasema mkoba uliomo si wake. Dar es Salaam mwaka ule palikuwa na mikoba ya bandia, ngozi ya ng'ombe iliyogongwa chapa ya mamba na kuandikwa herufi zilezile za dhahabu. Memsabu anasema wa kweli umeuzwa na wa bandia umewekwa mahali pake, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu.

Memsabu akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Mkoba yangu rangi ya asali. Mkoba yangu ngumu. Hii nyeusi, hii laini, na nusa yake si ya kwangu. Mimi nimekaa na mkoba miaka tisa, mimi najua."

Liwali akamgeukia Bi Mwanahawa. "Ulifanya nini na mkoba huu?"

"Niliutunza."

"Uliutunza vipi?"

"Kama vitu vinavyotunzwa. Ni huohuo, Bwana Liwali. Sijui mwingine."

Aliulizwa tena na tena, hakuongeza neno. Liwali akaniambia kwamba nikisema ni wa kweli, mambo yamekwisha. Nikisema ni wa bandia, atalazimika kumpeleka mama yule ng'ambo, mbele ya hakimu, na asingeweza kumsaidia.

Nikauchukua. Nikaunusa kwanza, nilivyofundishwa. Ulinuka udi, kama nguo ya arusi, na chini ya udi palikuwa na kitu kingine kilichonifanya nitake kutoka nje nikapumue. Sikujua ni nini. Niseme kweli, sikutaka kukitafuta. Nikatazama magamba, sikuona kitundu hata kimoja. Rangi ilikuwa ya tende iliyoiva sana. Nikageuza mshono, na hapo nikatatizika, kwa maana mshono ulikuwa wa sindano mbili, umelala kwa mshazari, nyuzi zote zina urefu mmoja, kazi ambayo hakuna mtu wa bandia angejisumbua kuifanya. Jicho langu liliupenda mshono ule. Pua yangu ilisema mkoba huu haujawahi kuiona Ulaya.

Nikakumbuka jibu la Fundi Seif. Nikasema, "Bwana Liwali, naona ni wa bandia."

Bi Mwanahawa hakulia. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Kisha akasema, "Haya, shemeji." Alizoea kuniita shemeji kwa ajili ya Zuhura, walikuwa marafiki.

Liwali akasema jahazi la serikali litavuka keshokutwa, na mpaka hapo mama abaki nyumbani kwake asitoke.

Nilirudi nyumbani nimevurugika. Nilijiambia nimefuata kazi ilivyo. Nilijiambia pia kwamba mshono ule haukuwa wa bandia. Maneno mawili hayo yalikaa pamoja kichwani bila kusalimiana. Asubuhi nikakaa kukata ngozi ili nisifikiri, nikachomoa kisu changu cha nusu mwezi kwenye ala yake, na mkono ukabaki hewani.

Ala ile niliishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, na ilipokuwa mpya ilikuwa nyeupe kidogo na ngumu. Sasa ilikuwa nyeusi na laini kama sikio. Zuhura ndiye aliyeifanya hivyo. Kila masika alikuwa akivipaka vitu vyangu vya ngozi mafuta ya nazi na kuvifukiza udi pamoja na nguo, nami kila masika nilimgombeza kwamba ananiharibia kazi, na yeye kila masika alijibu kwamba kazi yangu haijaota ukungu hata siku moja. Nikaufungua mkanda wa ala. Chini ya mkanda, mahali ambapo mafuta hayakufika, ngozi ilikuwa bado nyeupe.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiona jambo lile nyumbani kwangu, na barazani lilinipita. Wanawake wote wa kisiwa hiki wanafanya hivyo kwa kitu wanachokithamini. Mgeni akiacha kanzu kwako unairudisha imefukizwa. Bi Mwanahawa alikuwa amemtunzia Memsabu mkoba kama tunavyotunza vitu, na alisema hivyo kwa kinywa chake, na mimi nikasema ni wa bandia.

Nilifika barazani nimevaa ndara za jozi mbili tofauti. Nikamwomba Liwali amwite tena Memsabu, na Bi Mwanahawa pia, nikaomba ruhusa ya kufumua bitana, kile kitambaa cha ndani. Memsabu alikubali kwa shingo upande. Alisema, kama ni wa bandia, fumua yote.

Kwanza nilichukua sindano nyembamba, nikachokoa ukingo wa gamba moja la tumbo. Uchafu mweusi ukatoka, masizi ya udi yaliyoshikana na mafuta, na kitundu kikaonekana. Nikachokoa gamba la pili, la tatu, la nne. Vyote vipo. Kisha nikafumua bitana upande mmoja, kwa urefu wa vidole vinne, nikaikunjua ngozi mahali ilipopinda kuingia ndani, ambapo mafuta hayakufika. Nikamsogezea Memsabu. Ilikuwa rangi ya asali.

Akaitazama kwa muda mrefu. Akaigusa. "Hii yangu," alisema, na uso wake ukawa mwekundu. "Lakini nani amefanya hii nyeusi?"

"Mafuta ya nazi, Memsabu. Kuzuia ukungu. Na udi, kwa heshima."

Laiti ningeishia hapo. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Niliukung'uta mkoba ili nitoe uchafu kabla ya kushona, na kutoka katikati ya bitana na ngozi kikaanguka juu ya meza ya Liwali kipande cheupe, kikubwa kama punje ya mahindi.

Memsabu akauliza, "Hii nini? Sukari?"

Sisi wengine tulikwisha kuinusa. Ilikuwa kafuri, ile ambayo kwetu hutiwa katika maji ya mwisho ya kuoshea maiti. Madukani haikuwepo masika yale, kwa sababu jahazi la bidhaa lilikwama bara. Mimi mwenyewe nilihangaika nayo kwa ajili ya Zuhura mpaka nikaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa amejiwekea akiba ya mauti yake. Ndipo nikajua kile kilichokuwa chini ya udi, kilichonitoa pumzi jana yake.

Liwali akasema polepole, "Bi Mwanahawa. Kafuri hii ya nani?"

Yeye akatazama sakafu. Nikaelewa kwa nini hakutaka kueleza alivyoutunza mkoba. Angetaja mafuta, angetaja udi, na angeulizwa kama ni hayo tu, na yeye si mtu wa kusema uongo. Kafuri inayosalia hurudishwa kwa wafiwa, wao ndio wanaojua wamwachie mwosha au waifukie. Mwosha anayeichukua mwenyewe amemwibia maiti. Mimi nilikuwa nimemtoa mikononi mwa hakimu, na kwa mkono uleule nikamtia katika aibu ambayo kwake ilikuwa kubwa kuliko jela.

"Yangu," nikasema. "Mimi nilimpa."

Liwali akanigeukia. "Ulimpa lini?"

"Siku ya msiba. Aliniletea iliyosalia, nikamwambia aichukue."

"Utaapa?"

Wakaleta msahafu. Nikaweka mkono, nikaapa. Na hapo hapo, mkono ukiwa bado juu ya jalada, nikaanza kujiuliza kama nimeapa kweli au uongo, kwa maana kwa haki ya Mungu sikujua. Siku ile watu wengi waliniambia mengi na mimi niliitikia yote. Huenda alikuja. Huenda nilimwambia chukua. Nilitafuta kichwani sura yake akiwa amesimama mbele yangu na karatasi ya kafuri mkononi, nikaipata, kisha nikaogopa kwamba nimeitengeneza mwenyewe sasa hivi.

Liwali akasema imekwisha. Memsabu akamshika Bi Mwanahawa mkono, akamwambia samahani mara mbili, na kumwomba arudi kazini Jumatatu. Mimi nikakaa kushona bitana. Sikumbuki nilivyoishona, ila haijafumuka.

Nilimkuta Bi Mwanahawa njiani, amenisubiri karibu na soko.

Nikamwambia, "Shemeji, nieleze ukweli. Nilikupa?"

"Nilikuletea," alisema. "Ilikuwa katika karatasi. Ulikuwa umekaa ukumbini peke yako, watu wamekwenda makaburini kuchimba. Nikakwambia, shemeji, hii imesalia. Ukanitazama. Hukusema kitu. Nilisimama mpaka miguu ikauma, nikaona siwezi kukuuliza mara ya pili, nikaondoka nayo. Kule kwa Memsabu ukungu ulikuwa umeanza. Nikaipenyeza chini ya bitana, mahali ilipoachia, nikasema nitakueleza ukipoa. Halafu nikaona haya kukueleza."

"Sasa hiyo ni kupa, au si kupa?"

"Hata mimi najiuliza kila siku."

Tulisimama. Watu walipita na vikapu wakitusalimu. Nikasema, "Zuhura angekupa." Nilikuwa sijalitaja jina lake kwa sauti tangu azikwe. Nililia pale pale mchana kweupe, mtu mzima, na Bi Mwanahawa akasimama kati yangu na soko ili watu wasinione.

Basi nilibaki na kiapo changu. Kiapo kikiwa cha uongo kuna kafara yake, kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Kulisha nisingeshindwa, lakini watu kumi wangeniuliza karamu ya nini, na nisingekuwa na la kuwaambia. Kwenda kwa maalim sikuthubutu, kwa maana angetaka kujua kama niliapa uongo, na hilo ndilo nililotaka mtu anieleze mimi. Nikafunga siku tatu bila kumwambia yeyote, huku sina hakika kama nina kosa.

Siku ya tatu, jua likiwa limekaribia kuzama, nilichukua tende chache nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Nilitaka nifuturu na mtu. Nikabisha hodi, akanikaribisha barazani, na pembeni ya mkeka nikaona bakuli la uji na kikombe cha maji vimefunikwa, vinangoja adhana.

"Umefunga, shemeji?" nilimuuliza.

"Nimefunga. Leo ni ya tatu."

"Umefunga kwa ajili ya nini?"

Akazitazama tende mkononi mwangu, akasogea, akanipisha nafasi kwenye mkeka. "Kwa hilohilo ulilofungia wewe," alisema. "Kaa. Uji unatosha."